Mzee mwenye dimensia anapiga kelele: tafuta chanzo kabla ya kuomba dawa

Kwenye nyumba za wazee za Marekani, ambako Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi wanashika zamu kama CNA (wahudumu wasaidizi wa manesi wenye cheti) na manesi, kuna lalamiko lisilokwisha wakati wa kupokezana zamu: "Bibi wa chumba cha mwisho anapiga kelele tangu asubuhi, nimejaribu kila kitu." Ukiuliza "kila kitu" ni nini, mara nyingi utaambiwa ni kumwomba anyamaze, kumwashia televisheni, na kumfuata nesi ampe kitu cha kumlaza. Chanzo chenyewe hakijatafutwa.

Dimensia, ugonjwa wa kusahau unaoharibu ubongo hatua kwa hatua, humnyang'anya mtu maneno. Lakini njaa anaisikia, maumivu anayasikia, na hofu anayo. Akikosa neno hutoa sauti. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili vyanzo vinaanzia kile kinachotokea zaidi. Sheria na namba nilizotaja ni za Marekani. Aliye Uingereza au kwenye makazi ya wazee huko nyumbani atumie yaliyobaki vilevile.

Ukaguzi wa kwanza, kwa kelele za aina yoyote

Mwendee kwa mbele, si kwa nyuma. Inama mpaka macho yenu yalingane, mwite kwa jina analolizoea, kisha nyamaza kidogo umtazame. Angalia nepi. Angalia kama amekalia mkunjo wa shuka, kama mkono umenaswa pembeni mwa kiti cha magurudumu, kama mpira wa mkojo umekunjika au umebanwa na paja. Mpe maji. Gusa mikono na miguu ujue kama ana baridi. Uliza, au soma kwenye rekodi, alikwenda choo lini. Miwani iko wapi? Kifaa cha kusikia kiko sikioni au kwenye droo?

Mambo haya huchukua dakika chache, na kelele nyingi hukomea hapa. Zisipokoma, endelea na dalili inayofanana na ya mzee wako.

Dalili ya 1: Alikuwa mtulivu, kelele zimeanza ghafla, ndani ya saa au siku chache

Hii ndiyo dalili ya kuogopa kuliko zote. Dimensia kwa kawaida haibadiliki kati ya Jumatatu na Jumatano. Mabadiliko ya ghafla, yanayopanda na kushuka ndani ya siku moja, pamoja na mtu kushindwa kukufuatilia hata kwa sekunde chache, ni kuweweseka kunakosababishwa na ugonjwa mwingine mwilini. Usiandike "ni dimensia yake tu".

Vyanzo, kwa mpangilio wa kuvikagua:

1. Maambukizi: kifua, mkojo, ngozi. Pima joto, presha, mapigo, oksijeni na kasi ya kupumua. Kumbuka mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa kali.
2. Kufunga choo. Siku 3 bila choo zinatosha kuuliza. Na hapa kuna mtego: choo chepesi cha maji kinaweza kuwa kinapita pembeni ya kinyesi kilichokauka na kuziba. Anayeona maji huandika "anaharisha", mzee anapewa dawa ya kufunga, na hali inazidi.
3. Mkojo kushindwa kutoka. Tumbo la chini limejaa na gumu, ukiligusa anapiga yowe. Kama ana mpira, angalia mfuko: umepata mkojo kiasi gani zamu hii?
4. Dawa mpya au iliyoachishwa. Diphenhydramine ya usingizi au mafua, na oxybutynin ya kibofu, huvuruga akili ya mzee kwa urahisi. Vivyo hivyo kuachishwa ghafla dawa za usingizi, au pombe kwa mtu aliyehamia wiki hii na familia haikusema kitu.
5. Upungufu wa maji, au sukari kushuka kwa mwenye kisukari. Chini ya 70 (mg/dL) ni ya kutibiwa sasa hivi.
6. Kuanguka ambako hakuna aliyekuona.

Nataka kusisitiza jambo moja kuhusu mkojo. Wazee wengi kwenye nyumba hizi wana bakteria kwenye mkojo bila kuugua chochote. Kipimo kikionyesha bakteria, watu hupumua: "Ni UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo, antibiotiki inaanza, na msako unakoma. Wakati huo nyonga imevunjika. Kipimo cha mkojo kisikufunge macho kuhusu mengine.

SIMAMA, mwite nesi sasa hivi: mabadiliko yoyote ya ghafla ya namna hii. Iombwe ambulensi (911) ikiwa uso umepinda au mkono umelegea, anapumua kwa shida, hazinduki vizuri, amegonga kichwa na anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje. Huyo wa mguu usimwinue wala kumgeuza.

Mpango wake wa matibabu unaweza kuwa unasema asipelekwe hospitali. Hilo ni la nesi kuamua kwa kusoma karatasi. Wewe toa taarifa.

Dalili ya 2: Anapiga kelele anapoguswa, kugeuzwa, kuvalishwa au kuinuliwa

Maumivu. Anza hapo na usiondoke haraka.

Tatizo ni kwamba tunamtazama mzee akiwa amelala, tunamwona ametulia, tunaandika maumivu sifuri. Yanaanza anapoguswa. Kwa hiyo mtazame wakati wa kumgeuza. Kuna kipimo kiitwacho PAINAD, kilichotengenezwa mwaka 2003 kwa watu wasioweza kujieleza: unatazama pumzi, sauti, uso, mwili, na kama anabembelezeka, kila kimoja unakipa 0 hadi 2, jumla 10. Nesi wako anakifahamu. Mwombe akitumie wakati wa kazi, mzee akiwa anasogezwa.

Kisha pekua mwili, kwa heshima na kwa kumfunika. Baridi yabisi ya magoti, mabega na mgongo ndiyo inayoongoza. Inafuata ngozi: makalio, visigino, chini ya matiti, katikati ya vidole. Halafu sehemu tunazozisahau, na ya kwanza ni mdomo. Toa meno ya bandia, washa tochi, tafuta kidonda, jino lililovunjika, utando mweupe. Mzee anayepiga kelele wakati wa chakula huandikwa kuwa "anakataa kula", kumbe kila kijiko kinagusa kidonda. Halafu kucha za miguu zilizoota ndani ya nyama. Halafu mikono iliyokunjamana, ambayo kucha zake zinachoma kiganja.

La kufanya, kuanzia jepesi:

- Mwambie kabla hujamgusa, na ungoje. Wahudumu wengi husema na kugusa kwa pamoja. Ubongo wake unahitaji sekunde kadhaa kuelewa.
- Geuza polepole, watu wawili, ukishika kiungo kwa chini badala ya kukivuta.
- Mvalishe nguo kuanzia mkono unaouma; mvue ukimalizia nao.
- Mwombe nesi apange dawa ya maumivu nusu saa hadi saa moja kabla ya kumhudumia.

Hili la mwisho lina uzito. Dawa ya maumivu iliyoandikwa "apewe akiomba" haimfikii mtu asiyejua kuomba. Inatakiwa iandikwe kwa saa maalumu. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Norwei uliofanyika kwenye nyumba za wazee 18 na wakazi 352 wenye dimensia na fujo: waliotibiwa maumivu kwa hatua, wengi wao kwa parasetamoli ya kila siku tu, fujo zao zilipungua wazi ndani ya wiki 8. Ukikutana na daktari anayesita, utaje.

Akiwa amepata dawa kwa ratiba na bado anapiga kelele ukimgusa, fikiria hofu. Kuna wazee waliopigwa au kubakwa ujanani, na mkono unaofungua nguo zao leo haujui hilo. Ulizia kwa familia, kwa faragha.

Dalili ya 3: Kelele za bafuni

Baridi ndiyo chanzo cha kawaida, kisha aibu, kisha maji ya usoni, kisha maumivu ya kiti kigumu cha kuogea. Kwa wachache ni kumbukumbu mbaya. Wazee wa Kiyahudi walionusurika kambi za Wanazi wanaweza kuogopa chumba cha bomba la mvua maana kambini watu waliuawa kwa gesi kwenye vyumba vilivyofanywa vionekane vya kuogea.

Pasha chumba joto kabla hajaingia. Mfunike taulo kubwa, osha kipande kimoja kimoja chini ya taulo, anzia miguuni, nywele ziwe mwisho au siku nyingine. Mpe kitambaa ashike, ajioshe anapoweza. Jinsia ya mhudumu ina maana sana kwa baadhi yao: mama aliyejistiri maisha yake yote hawezi kuvuliwa na kijana wa kiume kwa sababu tu ratiba imesema hivyo.

Bado anapiga kelele? Muogeshe kitandani kwa taulo zilizoloweshwa maji ya moto kiasi na sabuni isiyosuuzwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kwamba njia zote mbili, bomba kwa utaratibu wa upole na taulo kitandani, zilipunguza fujo wakati wa kuoga, na usafi haukuharibika. Hakuna mtu anayekufa kwa kukosa kuoga siku moja. Akikataa kabisa, acha, safisha sehemu za haja tu, rudi baadaye.

Dalili ya 4: "Nisaidie! Nesi! Nesi!" siku nzima, ukifika anasema hataki kitu

Hii ndiyo inayowachosha wahudumu kuliko nyingine, na ndiyo inayosababisha wazee wafungiwe mlango. Fanya jaribio hili kwanza: kaa naye dakika tano, mshike mkono kama anapenda kushikwa, usifanye kazi nyingine. Sikiliza.

*Akinyamaza ukiwapo*, chanzo ni upweke au hofu. Hajui yuko wapi, anaona watu wakipita, akiita mtu anakuja. Tena sisi tumemfundisha: akitulia hakuna anayemjali, akipiga kelele anapata uso wa mtu. Geuza hesabu hiyo. Pita kwake kwa ratiba kabla hajaita, tuseme kila dakika 15 mwanzoni, dakika moja tu, umwite jina, umguse bega, umwambie utarudi, na kweli urudi. Akizoea, ongeza muda kidogo kidogo. Kiti chake kiwe mahali anapoona watu. Familia ikiweza kurekodi sauti zao wakizungumza naye mambo ya zamani, jaribu kumsikilizisha ukiwa naye. Wapo wanaotulia na wapo wanaozidi kulia wakimtafuta aliyesema. Wa pili usiwarudishie tena.

*Akiendelea kuita hata ukiwa umemshika mkono*, angalia masikio na macho. Asiyesikia hajui kuwa anapiga kelele, wala hajui kuwa umeshamjibu. Toa kifaa cha kusikia kikiwa kimewashwa, kifumbate kwenye kiganja: vingi hupiga mluzi kama betri ni nzima. Kimya, badilisha betri. Mwombe nesi achungulie nta masikioni. Kisha rudi kwenye maumivu ya dalili ya 2. Kisha sonona, mzee mwenye sonona haongei huzuni, analalama. Mwisho kabisa ni ubongo wenyewe, hasa sehemu ya mbele ikiharibika: neno likishaanza halipati breki. Huyo hafaidiki na maswali. Muziki alioupenda akiwa kijana, kitambaa cha kukunja, kitu cha kutafuna, mdundo wa kutembezwa na kiti, ndivyo vinavyomkatia mzunguko huo kwa muda.

*Na lugha.* Dimensia mara nyingi hula lugha iliyokuja baadaye na kuacha ya utotoni. Mama aliyehama Unguja akaishi Uingereza miaka 40 anaweza kurudi kwenye Kiswahili peke yake. Wanaomhudumia wakaandika "anatoa sauti zisizo na maana", naye alikuwa anaomba maji. Kama unamjua mzee wa namna hiyo, andika kwa herufi kubwa ukutani maneno yake machache, maji, choo, naumwa, baridi, na namna yanavyotamkwa. Anza na "shikamoo". Kwa bibi wa Kipolandi au mzee wa Mexico, mwombe mtoto wake akuandikie karatasi hiyohiyo.

Dalili ya 5: Kelele huanza jioni

Tazama saa. Zamu nyingi hubadilika saa 9 alasiri na saa 5 usiku, na hapo korido hujaa sauti, makoti yanavaliwa, watu wanaaga. Mzee aliyelelewa kwa ratiba anaona watu wanakwenda makwao naye anataka kwenda kwake. Hamisha makabidhiano mbali na sebule yao. Washa taa kabla giza halijaingia, funga mapazia maana kioo cheusi humwonyesha mtu asiyemjua. Zima taarifa ya habari. Mpe kitu cha kula saa 10 jioni. Mchana asilale zaidi ya nusu saa, na apate mwanga wa nje.

Kwa kelele za usiku wa manane, kagua dawa pamoja na nesi: dawa ya kukojoza inayotolewa alasiri au jioni humwamsha, donepezil (dawa ya dimensia) ya usiku huleta ndoto kali kwa baadhi ya watu, na daktari anaweza kuihamishia asubuhi.

Dalili ya 6: Anamwita mama yake, anataka kwenda nyumbani

Usimwambie mama alikufa. Atafiwa upya, na kesho tena. Mwambie, "Nieleze kuhusu mama," kisha umsikilize. Angalia haja ndogo. "Nataka kwenda nyumbani" mara nyingi husemwa na mtu anayetafuta choo.

Dalili ya 7: Matusi, pamoja na ya rangi ya ngozi

Yanauma, na sitaki mtu akwambie uyazoee. Ubongo wa mbele ukiharibika, kizuizi huondoka. Kwa wengine neno hilo lilikuwamo moyoni tangu zamani; kwa wengine ni hofu ya uso asioufahamu. Usibishane naye wala usimfunze adabu, hatakumbuka. Hakikisha yuko salama, toka, rudi baada ya dakika kumi kama mtu mpya. Kama yanakuja wakati wa kumhudumia tu, rudi dalili ya 2 na ya 3.

Ripoti kila tukio kwa maandishi. Mwajiri hatakiwi kukupanga au kukuondoa kwa sababu mkazi hataki Mweusi. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua hivyo mwaka 2010 katika kesi ya CNA wa Indiana. Kukuhamisha kwa usalama wako, kwa ridhaa yako, ni jambo tofauti.

Dalili ya 8: Mguno mmoja, mrefu, usiokoma, mzee yuko hatua za mwisho

Mgeuze, mlowanishe midomo, punguza mwanga. Omba nesi amtathmini kwa maumivu na pumzi, na kama bado, omba timu ya huduma ya faraja. Hii si kazi ya mhudumu mmoja.

Kuhusu dawa za kumtuliza

Tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeweka onyo lake zito kabisa kwenye dawa mpya za saikosisi (ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia yasiyokuwepo) kwamba huongeza vifo kwa wazee wenye dimensia, na mwaka 2008 onyo likapelekwa kwenye zile za zamani. Zinaweza pia kumletea mtu hali ya kushindwa kutulia mwilini, akaguna na kupapatika. Hapo watu huongeza dozi ya kitu kilekile kinachomsumbua. Mwenye dimensia ya Lewy, aina inayoambatana na njozi na ugumu wa mwili, akipewa haloperidol, moja ya dawa hizo za zamani, anaweza kukakamaa mwili mzima au kufa. Ukiona ugumu wa mwili pamoja na homa kali baada ya dawa hizi, ni dharura.

Zipo hali zinazozihitaji, hasa mzee anapohatarisha maisha yake au ya wengine au anapoteseka sana na mengine yameshindikana. Huo ni uamuzi wa daktari akiwa na familia. Ikiandikwa ya "akihitaji", kanuni za nyumba za wazee za Marekani zinaipa siku 14 tu, na daktari lazima amwone mkazi mwenyewe kabla ya kuandika tena. Sheria ya mwaka 1987 inakataza dawa kutumiwa kama kamba ya kumfunga mzee kwa urahisi wa wahudumu. Inakataza na kamba zenyewe kwa sababu hiyohiyo.

Yasiyofanywa kamwe: kumfungia chumbani, kumwekea kengele mbali, kumziba mdomo, kumpigia kelele sikioni, kumnyima chakula. Ukimwona mwenzako akifanya, una wajibu wa kuripoti.

Ukihisi mkono wako unataka kushika kwa nguvu, mwache mzee mahali salama, toka, umwombe mwenzako aingie. Sema wazi: "Nahitaji mtu anishikie zamu dakika tano." Hakuna aibu hapo.

Kama umefika huku na kelele ziko palepale

Shika karatasi siku tatu mfululizo, zamu zote. Safu nne: saa, nini kilitokea kabla, alisema au alitoa sauti gani, nini kilifuata. Usiandike "alikuwa msumbufu". Andika "saa 8:20, dakika 40 baada ya kukalishwa, alilia 'ooh ooh', alirudishwa kitandani, alinyamaza". Mstari kama huo ukijirudia mara nne, umepata: hawezi kukaa zaidi ya dakika 40, na kiti chake kinahitaji kupimwa na mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Peleka karatasi hiyo kwenye kikao cha mpango wa matunzo, familia ikiwepo, na uombe jina la atakayefuatilia na tarehe.

Na mwenzake wa chumba asisahauliwe. Anayelala kitanda cha pili hajapata usingizi siku zote hizo, na huenda naye ataanza kupiga kelele wiki ijayo. Omba ahamishwe chumba mapema.